Rudolf Diesel hakuuawa na wauza mafuta

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, tangazo moja liliondolewa ukurasa wa ndani dakika za mwisho na mhariri akataka maneno mia tatu ya kuziba pengo. Nusu saa. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma mahali fulani kwenye intaneti, nikaandika kwamba Rudolf Diesel, yule Mjerumani aliyetupa injini ya dizeli, aliuawa na matajiri wa mafuta ya petroli na kutupwa baharini kwa sababu alibuni injini ya kutumia mafuta ya karanga. Kichwa cha habari kilikuwa na alama ya mshangao. Makala ikapendwa sana. Hata konda mmoja wa daladala alinisimulia habari hiyo hiyo bila kujua kwamba niliyeiandika ni mimi.

Wiki iliyofuata ikaingia simu. Mzee mmoja, fundi mstaafu aliyewahi kufundisha chuo cha ufundi, alikuwa ameomba namba yangu pale mapokezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo la kuuawa umelitoa wapi?"

Nikajiumauma. Nikasema habari zipo nyingi. Akauliza nani alimwona akiuawa. Nikasema hakuna. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama najua injini yenyewe inavyofanya kazi, kwa nini haina plagi kama ya petroli. Sikujua. "Basi umeandika kifo cha mtu usiyemjua na mashine usiyoijua," akasema, tena kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma zaidi. Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma huyu Diesel. Leo nalipa deni.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Ndiyo, Paris, ingawa wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, na mtoto ndiye aliyekuwa akisukuma mkokoteni kupeleka bidhaa kwa wateja. Mwaka 1870 vita ikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani wakatakiwa kuondoka, familia ikakimbilia London. Huko hali ikawa ngumu. Kijana wa miaka 12 akapelekwa peke yake Augsburg, kulelewa na ndugu wa familia aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Kule ndiko alikopata elimu. Alisoma kwa msaada wa masomo, akaingia chuo cha ufundi cha Munich, akafundishwa na Carl von Linde, yule bwana wa majokofu. Kwenye mihadhara ya Linde alisikia jambo ambalo halikumtoka kichwani: injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha dunia nzima wakati ule, inageuza kuwa kazi takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya joto la makaa ya mawe, mara nyingi hata chini ya hapo. Joto jingine lote linapotea hewani. Fikiria unanunua unga kilo kumi, unafika nyumbani na kilo moja.

Akawaza: je, joto likiingizwa moja kwa moja ndani ya silinda, bila kupitia kwenye boila na maji na mvuke?

Hapa ndipo mzee wangu alipotaka nifike, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Chukua pampu ya baiskeli, pampu nzuri ya chuma. Ziba mdomo wake kwa kidole, pampu kwa nguvu mara kadhaa, kisha gusa chini. Pamoto. Hewa ikibanwa inapata joto. Diesel alifikiria kuibana hewa peke yake ndani ya silinda, kuibana hasa, mpaka iwe na joto la kuweza kuwasha mafuta bila cheche yoyote. Kisha, pistoni ikifika juu, unapuliza mafuta kidogo. Yanawaka yenyewe. Ndiyo maana injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, ndiyo maana nozo ikiharibika gari linatoa moshi mweusi, na ndiyo maana ile injini ni nzito: chuma chepesi hakiwezi kuhimili mbano wa namna ile. Injini ya petroli ya Nikolaus Otto, ya mwaka 1876, hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa pamoja, kwa hiyo haithubutu kubana sana, la sivyo mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Diesel aliyatenganisha hayo mawili. Basi. Wazo lenyewe ni hilo, na ukilielewa unajisikia kama umepewa siri ya ukoo.

Hataza yake ilitolewa Februari 1893, namba 67207. Agosti mwaka huo huo injini ya kwanza ikajaribiwa Augsburg. Iliwasha mafuta, shinikizo likapanda, kifaa cha kupima kikalipuka na vipande vikaruka. Kwa akina sisi hapo ndipo mradi ungekufa. Yeye aliandika kwamba jaribio limethibitisha wazo. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa takriban dakika moja. Inasimuliwa kwamba aliyegundua kuwa mashine sasa inajiendesha alikuwa fundi mmoja aliyetazama mkanda, akavua kofia kimyakimya kumpa heshima Diesel. Dakika moja, baada ya miaka miwili ya hesabu na vyuma.

Ikabidi kusubiri mpaka tarehe 17 Februari 1897. Siku hiyo profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi injini yenye urefu wa takriban mita 3, na matokeo yakawa asilimia 26.2 ya joto kugeuka kazi. Hakuna injini iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Mwaka mmoja nilitumwa kuripoti shindano la ubunifu la vijana. Mzungumzaji mkuu, suti safi, kipaza sauti kwenye shavu, aliwaambia vijana habari za Diesel: kijana maskini, aliamini ndoto yake, akaibadilisha dunia, na wewe unaweza. Ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa nimekaa karibu na kijana aliyetengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa vyuma chakavu. Mashine nzuri, ila ilikuwa inavunja punje. Nikamuuliza ametumia shilingi ngapi. Akasema hajui tena, nyingi amekopa kwa mjomba wake, na mjomba ameanza kutopokea simu. Kisha akaniuliza mimi, kana kwamba nilikuwa na jibu: "Huyo Diesel, majaribio yake alikuwa analipa nani?"

Swali hilo halikuulizwa jukwaani. Jibu lake lipo. Walilipa Maschinenfabrik Augsburg, chini ya mkurugenzi wake Heinrich Buz, na kampuni ya Krupp. Kiwanda kizima kilimfungulia milango kwa takriban miaka minne, mafundi wake wakachonga na kuchonga upya, na juu ya hayo Krupp ilikubali kumlipa marki 30,000 kwa mwaka wakati injini haijazalisha hata senti moja. Ndoto aliiamini, sawa. Ila kilichombeba kutoka mlipuko wa 1893 mpaka vipimo vya 1897 ni watu wenye fedha waliokubali kupoteza. Kumwambia kijana wa mashine ya mahindi "amini ndoto yako" bila kumwambia habari za Buz na Krupp ni kumdanganya, na mimi nasema ni udanganyifu wenye madhara. Yule kijana alikuwa anadhani kasoro ni yake.

Tena, tusidanganyane, injini iliyofanya kazi 1897 haikuwa ile ya kwenye hataza. Nadharia ya mwanzo ilitaka mbano mkubwa ajabu na mwako usiopandisha joto la ndani, na kwa vitendo haikuwezekana. Alibadilisha, akapunguza, akaazima mawazo ya mafundi waliomzunguka. Wapinzani walilijua hilo na hawakumwacha. Mwaka 1913 wenyewe profesa mmoja wa Aachen, Johannes Lüders, alichapisha kitabu kizima cha kusema kwamba ubunifu wa Diesel ni hekaya. Mimi sioni aibu yoyote kwenye kubadilisha. Fundi gani hutengeneza kitu sawasawa na alivyokichora? Lakini yeye alijiona anashtakiwa, na alikuwa mtu wa kuumia.

Fedha zikaja haraka. Adolphus Busch, mtengeneza bia wa St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa marki milioni moja. Mwaka 1898 kampuni iliyoundwa kusimamia hataza zote ikachukua haki zake kwa marki milioni 3.5, sehemu taslimu, sehemu hisa. Mwaka huo huo akaanguka kwa uchovu wa akili, akalazwa. Injini za mwanzo zilizouzwa zilisumbua wateja, wengine wakazirudisha, na kiwanda cha Augsburg kilichobeba jina lake hakikudumu. Yeye akajenga jumba kubwa Munich, akaingia kwenye biashara ya viwanja na visima vya mafuta, na kote huko akapigwa. Mtu aliyeweza kukokotoa joto lililopotea kwenye silinda hakuweza kuona fedha zilizokuwa zinapotea mfukoni mwake. Nawajua watu wa aina hiyo, wawili watatu, na wote ni wahandisi hodari.

Karanga sasa. Nilichoandika siku ile kilikuwa na punje ya ukweli, ndiyo maana kilinoga. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya dizeli, iliyoonyeshwa na kampuni ya Otto, kweli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini iliundwa kwa ajili ya mafuta ya petroli, ikanyweshwa ya karanga bila kubadilishwa kitu, na watu wengi hawakugundua. Wazo lilitoka serikali ya Ufaransa. Kwa nini? Kwa sababu ya Afrika. Ufaransa ilikuwa na makoloni ambako karanga zinaota vizuri, na ilitaka mitambo ya huko iendeshwe kwa zao la huko huko, badala ya kusafirisha makaa na mafuta kutoka mbali. Diesel mwenyewe alieleza hivyo mwaka 1912, akaongeza kwamba mafuta ya mimea huenda yakaja kuwa na umuhimu mkubwa siku za mbele.

Kwa hiyo "nishati safi ya mkulima" tunayoisifia kwenye zile jumbe za kusambaziana ilizaliwa kama hesabu ya mkoloni. Nani alime, nani akamue, injini imfanyie nani kazi, hayo hayakuwemo kwenye maonyesho. Tanganyika tunazijua hesabu za namna hiyo. Waingereza walikuja na mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, wao walitaka mafuta ya kula, wakateketeza mamilioni ya pauni na kuuacha mwaka 1951. Na mwaka 2009 pale Kisarawe kampuni ya kigeni ilianza kupanda mbono kaburi kwenye maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji, safari hii kwa ajili ya dizeli hasa. Mwaka 2011 ikaanguka. Wanavijiji walibaki wakidai ahadi za visima na barabara, na ardhi yao. Sisemi kwamba Diesel ndiye alaumiwe kwa hayo. Nasema mtu akikuletea habari ya mafuta ya mimea na Rudolf Diesel kwenye sentensi moja, muulize shamba ni la nani.

Kitu alichokitaka yeye mwenyewe kilikuwa kingine, na hiki sikukiandika kabisa siku ile. Injini ya mvuke ilikuwa kubwa, ghali, ya mwenye kiwanda. Diesel aliona jinsi ilivyowameza mafundi wadogo: seremala, mfumaji, mjalidi vitabu kama baba yake. Alitaka injini ndogo ya kuwekwa kwenye karakana ya mtu mmoja, ili fundi mdogo asimame tena mbele ya kiwanda. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu wafanyakazi kumiliki viwanda kwa pamoja kupitia michango yao midogo, akiamini kwamba hicho ndicho kitakachokumbukwa. Nakala chache tu zilinunuliwa.

Injini ikaenda upande mwingine kabisa. Ilihitaji kompresa kubwa ya kupulizia mafuta, ikawa pandikizi la mashine. Ikaingia mitambo ya umeme, ikaingia nyambizi, na mwaka 1912 ikaingia Selandia, meli ya Denmark iliyosafiri mbali baharini bila bomba la moshi la kawaida, watu wakashangaa. (Kichekesho: mwaka 1913, huko huko Ujerumani, pale Papenburg, ilijengwa meli ya kuletwa Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, na wakaifunga injini za mvuke. Ni hii MV Liemba yetu. Iliwekewa dizeli miaka ya 1970.) Mpaka pampu ndogo za kusukuma mafuta zilipoanza kutengenezwa kwa wingi na Bosch mwaka 1927, injini ya dizeli ndogo na nyepesi ilikuwa bado ndoto ya watu wachache, na mwenye ndoto alikuwa ameshakufa miaka 14.

Alikufa hivi. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden pale Antwerp kwenda Harwich, Uingereza, pamoja na wenzake wawili, George Carels na Alfred Luckmann. Wakala chakula cha usiku, wakatembea sitahani, saa nne hivi akaaga kwenda kulala, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa, nguo ya kulalia imetandazwa. Kofia na koti vilikutwa karibu na ukingo wa nyuma wa meli. Siku kumi na moja baadaye mashua ya Waholanzi iliona maiti baharini, ikachukua vitu vidogo vya mfukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe, Eugen, alivitambua vile vitu.

Kabla ya safari alikuwa amemwachia mkewe Martha begi, akamwambia asilifungue mpaka wiki inayofuata. Ndani mlikuwa na marki 20,000 taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zao za benki karibu zote ni tupu. Kwenye shajara yake, penye tarehe 29 Septemba, palikuwa na alama ya msalaba.

Basi nani alimuua? Wauza mafuta? Injini yake ilikuwa inawaletea wateja wapya: meli zilizokuwa zikila makaa zingeanza kunywa mafuta. Kama ningekuwa muuza mafuta wa mwaka 1913 ningemuombea maisha marefu. Majasusi wa Ujerumani, ili asiwape Waingereza siri za nyambizi? Waingereza walikuwa na nyambizi za dizeli tayari. Hataza yake ya msingi ilikuwa imekwisha muda, na injini zilitengenezwa Uswisi, Ubelgiji, Denmark, Urusi, Marekani. Siri ya kuuliwa mtu ilikuwa wapi? Mwaka 2023 mwandishi wa Marekani, Douglas Brunt, alitoa kitabu kinachosema kwamba Diesel hakufa kabisa, alitoroshwa akawafanyie kazi Waingereza. Nimekifuatilia kwa hamu. Kinavutia. Lakini lile begi linarudi kila mara na kukaa katikati ya meza.

Siwezi kuapa kwamba alijirusha. Hakuna aliyeona. Nikipima vilivyopo mezani, naona mtu wa miaka 55, mgonjwa wa mishipa na kichwa, mwenye jina linalojulikana dunia nzima na nyumba isiyolipika, aliyekuwa akienda Uingereza kuhudhuria sherehe kama tajiri huku akijua si tajiri. Hilo ndilo tunalolikwepa tunapoleta majasusi. Jasusi anampa heshima. Deni halimpi mtu heshima, hasa mwanaume, hasa aliyesifiwa. Tunakubali haraka kwamba mtu mkubwa aliuawa na wakubwa wenzake, na tunasita kukubali kwamba alikuwa anaficha barua za benki. Mimi mwenyewe nilichagua wauza mafuta kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu ya ile alama ya mshangao.

Yule kijana wa mashine ya mahindi nilimpigia baada ya kusoma yote haya. Namba haipatikani.

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwetu. Baba mdogo ana mashine ya kusaga, na kwa miaka yote ya utoto wangu sauti ya ile dizeli ndiyo iliyotuambia kama leo kuna ugali mapema au la. Silinda moja, gurudumu zito, tangi la maji la kupozea, unaipiga kwa hendeli. Wanawake watatu wanne kwenye foleni na madebe yao, mwenye mashine mmoja, msaidizi mmoja. Karakana ya mtu mdogo. Umeme umefika kijijini, baba mdogo amefunga mota, haina kelele wala moshi, na ni nafuu. Nikamuuliza kwa nini ile ya zamani hajaiuza, maana wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja mara nyingi.

Kabla hajajibu umeme ukakatika. Akacheka, akamwita msaidizi alete hendeli.